Ukiwa na Sita, Jibu

Kitu cha kwanza alichokiona Kifungo kwenye mchezo wa briji hakikuwa karata. Ulikuwa mdomo wa shangazi yake.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na tangu ujana wake alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi kabla ya kuipitisha kwenye tundu la sindano. Pale mezani, Jumamosi alasiri, hakukuwa na uzi wala sindano. Kulikuwa na karata kumi na tatu mkononi mwake, zimekunjuliwa kama upepeo. Lakini ulimi ulichungulia, ukalamba mdomo wa chini mara moja, ukarudi ndani. Halafu akasema, "Kopa moja," kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Mchezo ulipokwisha ikaonekana karata zake zilikuwa za kuungaunga. Mgao uliofuata hakulamba kitu, akasema "Kopa moja" kwa sauti ileile, na safari hii wafalme walikuwa wamejipanga mkononi mwake kama wanasubiri kupigwa picha.

Kifungo alikuwa amesimama nyuma ya viti na sinia la chai. Aliona, akanyamaza. Si kwamba alikuwa anatunza siri. Hakuwa na mazoea ya kumwambia mtu chochote, basi. Hata jina la Kifungo alipewa kwa sababu mbili: kazi yake pale kwa shangazi ilikuwa kushona vifungo na kuwapima wateja, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kuanzia shingoni mpaka chini. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza Shangazi kwa huruma, "Huyu binti wa kaka yako alizaliwa hivi?" Kifungo alikuwa hapohapo amepiga magoti, anampima pindo. Alitamani kujibu. Akapima pindo mara ya pili.

Klabu ya briji ilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la rangi. Ukipanda ngazi unapita kwenye harufu ya rangi ya mafuta mpaka pua inawasha, halafu unakuta meza nne, feni moja inayolia, na ubao wa kuandikia alama. Briji huchezwa wawili kwa wawili, mwenzako akiwa mbele yako, na kila mwaka klabu ilipeleka jozi moja tu kwenye mashindano makubwa, na kwa miaka kumi na moja jozi hiyo ilikuwa Mfamasia na shemeji yake. Walirudi kila mara na picha, na kila mara Shangazi aliangalia picha zote, moja moja, akasema, "Mmependeza," akarudi kwenye cherehani yake na kuikanyaga kama imemkosea.

Nyuma ya mlango wa karakana yake lilining'inia gauni la safari. Alilishona miaka minane iliyopita, mwaka aliokosa nafasi kwa alama chache sana. Kitambaa cha buluu, mikono mirefu, limefunikwa mfuko wa plastiki. Tangu hapo alikuwa amelifungua kiunoni mara mbili ili limtoshe. Hakuna aliyeruhusiwa kulitania gauni lile. Wateja waliliulizia bei, na Shangazi alijibu kwamba mwenyewe yuko njiani anakuja kulichukua.

Kisha mwenzake wa miaka yote, mpima ardhi mstaafu, akahamia kwa mwanawe mji mwingine. Shangazi akabaki na gauni bila jozi. Akaangalia huku na huku kwenye karakana, akaona cherehani mbili, pasi, mdoli wa kupimia nguo asiye na kichwa, na Kifungo.

"Njoo hapa," akasema. Baadaye Kifungo alijiuliza kama hakuchaguliwa kwa sababu tu mdoli hakuwa na mikono.

Walijifunzia kwenye meza ya kukatia. Shangazi aliandika kwa chaki juu ya kipande cha kitambaa cheusi: ree nne, mfalme tatu, bibi mbili, ghulamu moja.

"Hizo ndizo pointi. Sasa sikiliza. Mwenzako akifungua na kusema kopa moja, anakwambia, 'Nina nguvu, na kopa zangu hazipungui tano.' Wewe unamjibu. Ukiwa na chini ya pointi sita, sema pasi, hakuna atakayekulaumu. Ukiwa na sita mpaka tisa, na kopa tatu mkononi, sema kopa mbili. Kumi mpaka kumi na mbili, na kopa zako ni nne, sema kopa tatu. Kumi na tatu, panda moja kwa moja kopa nne. Hiyo ndiyo gemu. Namba ni ahadi: kopa moja ni kula mizunguko saba kopa zikiwa turufu, mbili ni minane, nne ni kumi. Tukila mizunguko kumi, alama zinamwagika. Umenielewa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na jambo kubwa kuliko yote?"

Kifungo aliangalia chaki.

"Ukiwa na sita, huruhusiwi kunyamaza," Shangazi akasema. "Uone haya, utetemeke, feni ikuangukie kichwani. Sita ni sita. Jibu."

Kifungo alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba duniani kuna mahali ambapo kunyamaza ni kosa.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Mtoto wa darasa la pili angeiweza, na Kifungo alifika mpaka la tano. Aliacha shule mwaka ambao mama yake alilala kitandani na akahitajika mtu wa kumgeuza. Alijifariji kwa muda mrefu kwamba walau alizikimbia hesabu za sehemu, ambazo zilikuwa zimeanza wiki ileile. Tatizo lake kwenye karata halikuwa kujumlisha. Tatizo lilikuwa kuamini. Alihesabu akapata kumi na moja. Akarudia, akapata tisa. Akarudia tena, akapata kumi na moja, na hapo akaamua kwamba zile mbili za kumi na moja ndizo zilizokosewa, maana yeye ni nani mpaka awe na kumi na moja?

Basi akaugeukia mdomo. Shangazi akifungua huku amelamba, Kifungo alijibu kidogo au alisema pasi. Shangazi akifungua bila kulamba, Kifungo alipanda juu bila woga. Karata zake mwenyewe alizitazama kama mtu anavyotazama picha ukutani kwa daktari, kwa adabu, bila kuzihitaji.

Mambo yakanyooka ajabu. Wiki ya tatu walishinda. Wiki ya sita walikuwa wa pili ubaoni. Katibu wa klabu, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alisema mbele ya watu, "Hiki ni kipaji. Binti anasikia karata." Kifungo aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, na usiku ule alisimama mbele ya kioo akakunja uso kama bingwa wa briji anayefikiria. Akajaribu uso wa pembeni pia. Alijipendeza sana. Hakukumbuka hata kidogo kwamba kipaji chenyewe kilikuwa kinaishi kwenye uso wa mtu mwingine.

Mfamasia ndiye aliyeharibu sherehe. Jumamosi moja aliweka kikombe chake mezani akasema, "Samahani, jamani. Huyu binti anajibu kama ameziona karata za shangazi yake."

"Unasema tunaiba?" Shangazi akauliza.

"Sijasema mnaiba, dada yangu. Nasema anajibu vizuri kupita kiasi."

"Basi na wewe jibu vizuri kupita kiasi, nani amekukataza?"

Watu wakacheka. Katibu hakucheka. Alifungua kitabu cha sheria, akavuta miwani, akasoma kwa sauti: mchezaji atachukua habari kwenye jibu la mwenzake, si usoni mwake, na jozi itakayobainika kuchukua habari usoni inarudisha alama zake za msimu mzima.

Kifungo alikuwa amechovya biskuti kwenye chai. Aliposikia neno "usoni", mkono ukaganda. Biskuti ikalainika, ikakatika, ikazama. Mpaka dakika ile alikuwa ameamini kwa moyo mweupe kwamba kusoma mdomo wa shangazi ndiyo briji yenyewe, na kwamba wengine wote walikuwa wanafanya hivyo, ila hawana macho kama yake.

Shangazi alikuwa amekwisha kusimama. "Miaka ishirini nakaa kwenye kiti hiki! Leteni mnachotaka. Leteni ukuta wa tofali, mtujengee katikati ya meza. Tukikutwa na hila, mimi nitameza mkebe mzima wa vifungo. Mkebe, na mfuniko wake!"

Hapo Kifungo angesema. Alikuwa na neno, alikuwa na sababu, alikuwa hata na nafasi, maana watu walinyamaza kidogo. Alichofanya ni kutafuta biskuti yake kwa kijiko.

Ukuta uliletwa kweli, ingawa ulikuwa wa mbao. Fundi seremala, mwanachama wa klabu, alitengeneza ubao mwembamba wa kusimama katikati ya meza kutoka pembe mpaka pembe. Ulimficha kila mchezaji asimwone mwenzake. Chini aliacha mwanya wa kupitisha karatasi. Hakuna kutamka tena. Kila mtu aliandika jibu lake kwenye kijikaratasi, akakisukuma kwenye mwanya, na Katibu akakisoma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama anaita majina darasani. Mnada huo wa kutaja ukiisha, ubao unatolewa, karata zinachezwa.

Siku ya mwisho ya msimu, ndiyo siku ya kwanza ya ubao, zilibaki jozi mbili juu: Mfamasia na shemeji yake, Shangazi na Kifungo. Migao minane. Atakayeshinda anasafiri. Asubuhi ile Shangazi alilitoa gauni kwenye plastiki, akalipiga pasi mwenyewe, akalirudisha msumarini bila plastiki.

Kifungo alikaa upande mmoja na Shemeji, mtu mnene mcheshi aliyependa kuvua viatu chini ya meza. Mbele yake sasa hakukuwa na uso. Kulikuwa na ubao wenye alama ya penseli ya seremala na jicho la mti lililofanana kidogo na yai.

Mgao wa kwanza. Kijikaratasi kikapita. "Kopa moja," Katibu akasoma. Mfamasia pasi. Kifungo akainua macho kutafuta mdomo, akakutana na jicho la mti. Halikulamba kitu. Akahesabu karata zake, saba. Akarudia, tisa. Kopa tatu mkononi. Akaandika "pasi", herufi nene za kukandamiza, mpaka penseli ikatoboa karatasi.

Ubao ulipotolewa, karata za Shangazi zilikuwa nzito mno. Alikula mizunguko kumi peke yake akiwa ameachwa kwenye kopa moja, kama mtu aliyebeba gunia la mchele kwenda kuuza kijiko kimoja. Akamwangalia Kifungo. Kifungo akamwangalia Shemeji. Shemeji akaangalia soksi zake.

Mgao wa pili Kifungo akaamua kujirekebisha. "Kopa moja," akasoma Katibu. Kifungo alikuwa na pointi nne, nne halisi, hata yeye hakuweza kuzigeuza kuwa kitu kingine. Akaandika "kopa 4". Kama kosa la kwanza lilikuwa woga, alijiambia, basi dawa yake ni ujasiri. Wakaanguka kwa mizunguko mitatu.

"Huyu leo ameamka na moto," Shemeji akasema.

Mgao wa tatu Shangazi alifungua shupaza moja. Kifungo alikuwa na uru tano nzuri, zimemkaa machoni. Alijua sheria: kumtajia mwenzako aina mpya kwa namba mbili, uwe na pointi kumi. Alikuwa na nane. Mwenye nane asiye na shupaza za kutosha anasema moja bila turufu, basi, na mwenzake anajua kwamba nguvu ni ndogo. Lakini uru zilikuwa nzuri sana, na ubao haukumkataza. Akaandika "uru 2". Shangazi akamwamini, kama mtu anavyomwamini ndugu yake, akapanda mpaka tatu bila turufu, na wakaporomoka wote wawili. Mgao wa nne wapinzani ndio waliofungua na kuchukua, Kifungo hakuulizwa kitu. Huo ndio aliocheza vizuri kuliko yote.

Katibu akatangaza mapumziko. Ubaoni, upande wa Mfamasia, alama zilikuwa zimesimama kama mnara. Upande wao zilikuwa zimekaa chini.

Shangazi alimshika mkono mpaka ngazi za nje, penye makopo matupu ya rangi. Akakaa juu ya kopo moja, akamwonyesha jingine.

"Unaumwa?"

"Hapana, Shangazi."

"Umegombana na mtu?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi nani amekaa kwenye kiti chako, maana wewe sikuoni?"

Kifungo alifungua mdomo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakajazana pale. "Shangazi, kuna kitu..."

"Kitu gani?"

Aliona gauni. Hakuliona kwa macho, lilikuwa mitaa mitatu kutoka pale, lakini aliliona: buluu, bila plastiki. "Karata," akasema. "Sijui unataka nijibu nini."

Shangazi akamkazia macho. "Mimi nataka? Nani amekuuliza ninachotaka? Mteja akiwa ndani kwako, mimi nje nimeshika mkasi, nakuuliza kiuno ngapi. Unanijibu nini?"

"Inchi zilizopo."

"Si zile ninazozitaka mimi?"

"Hapana."

"Wala si zile anazozitamani yeye. Unaniangalia usoni kwanza?"

"Hapana, Shangazi. Si kuna pazia?"

Kifungo akakaa kwenye kopo. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Miaka minne sasa walifanya kazi hivyo. Mteja anaingia nyuma ya pazia na Kifungo. Kifungo anapima, anatamka namba: kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na nne, bega kumi na tano na nusu. Upande wa pili Shangazi anaandika kwa chaki na kukata. Hakuwahi kumwona mteja akipimwa, na Kifungo hakuwahi kumwona Shangazi akikata. Kuna siku mteja alimbembeleza kwa kunong'ona apunguze kiuno inchi mbili, na Kifungo, ambaye hakuweza kumkatalia hata muuza karanga, alitamka kiuno kama kilivyokuwa. Hakuona haya. Hayakuwa maneno yake, yalikuwa maneno ya kiuno. Na anayepima hakati. Anayepima anataja, mwenye mkasi anaamua.

Na hata ile nusu ya bega, akakumbuka, ni hesabu ya sehemu. Zilimpata hukohuko alikokimbilia.

"Mwanangu," Shangazi akasema, akijiinua kwenye kopo kwa mikono miwili, "sikuhitaji unishindie. Nitajie tu ulicho nacho."

Kengele ya Katibu ikalia.

Mgao wa tano, Kifungo alipanga karata zake kama anavyokunja futi ya kupimia. "Kopa moja," Katibu akasoma. Alihesabu mara moja: saba. Kidole kikataka kurudia, akakikalia. Kopa tatu. Akaandika "kopa 2". Katibu akakichukua kijikaratasi, akakiinua kwenye mwanga, akasoma: "Kopa mbili." Kifungo alishtuka kidogo. Neno lake, kwa sauti ya mwanaume mzee mwenye miwani, lilisikika kama neno la mtu anayejua anachosema. Shangazi akaacha hapohapo. Walikula minane, kama walivyoahidi, na alama ikaingia. Ilikuwa ndogo, lakini yao.

Mgao wa sita alikuwa na pointi tano. Akaandika "pasi", na kwa mara ya kwanza pasi yake ilikuwa jibu, haikuwa maficho. Mgao wa saba alikuwa na kumi na nne na kopa nne. Akapanda mpaka gemu, wakala kumi na mmoja. Shemeji akarudisha viatu miguuni.

"Shemeji, vipi?" Mfamasia akauliza kutoka upande wa pili wa ubao.

"Miguu imeona baridi," Shemeji akajibu.

Ukabaki mgao mmoja. Katibu alitangaza hesabu: jozi ya fundi cherehani wakipata gemu, wanasafiri, wakipata pungufu ya hapo, Mfamasia anasafiri mara ya kumi na mbili. Watu wa meza nyingine walikuwa wameacha michezo yao, wamesimama kuzunguka. Feni ililia.

"Kopa moja," Katibu akasoma. Mfamasia pasi.

Kifungo akafungua karata zake. Shupaza: ree, tano, mbili. Kopa: mfalme, tisa, sita, nne. Uru: bibi, ghulamu, nane, tatu. Pau: ghulamu, saba. Ree nne, mfalme wa kopa tatu, saba. Bibi mbili, ghulamu moja, kumi. Ghulamu wa pau moja, kumi na moja.

Kumi na moja, namba ileile ambayo maisha yake yote aliikatalia.

Aliangalia jicho la mti. Sasa hapo kila mtu anajua gemu inatakiwa. Angeandika kopa nne, angekuwa ameamua kwa niaba ya wote wawili, na pengine ingekuwa sawa. Lakini Shangazi angeweza kuwa na karata za kuungaunga, zile za kulamba, na wakaanguka. Au angekuwa na nyingi. Kifungo hakujua, na kwa mara ya kwanza hakutafuta kujua. Kiuno ni kumi na moja. Mkasi uko upande wa pili.

Akaandika "kopa 3". Akasukuma.

"Kopa tatu," Katibu akasoma. Shemeji pasi.

Mtu alikohoa mlangoni, akakatazwa. Upande wa pili wa ubao penseli ilikwaruza kidogo, ikasimama, ikakwaruza tena. Kijikaratasi kikatokea kwenye mwanya.

"Kopa nne," Katibu akasoma, na sauti yake isiyopanda ikapanda kidogo, akaikohoa ishuke.

Ubao ukatolewa. Kifungo akalaza karata zake juu ya meza, wazi, kila mtu azione, kama sheria inavyotaka kwa mwenzake wa anayecheza. Shangazi alizitazama moja moja, akahesabu kwa midomo bila sauti, akafika mwisho, akatikisa kichwa taratibu kama anapokuta mshono umenyooka. Yeye alikuwa na kumi na tano. Akacheza kwa nusu saa, au labda dakika sita. Walikula mizunguko kumi, wala si mmoja zaidi.

Chumba kikalipuka. Seremala aliupiga ubao wake busu. Shemeji alimpa Kifungo mkono, kisha Mfamasia naye akaja, akainamisha kichwa. "Nilikosea," akamwambia Shangazi. "Na ubao upo, na mmenipiga hivyohivyo. Nimekubali."

"Ulikuwa unataka nimeze vifungo," Shangazi akasema, akicheka mpaka machozi. "Vifungo vyangu vyote! Vya makoti na vyote!"

Katibu akafungua daftari la safari, akaandika majina mawili, akainua kalamu. "Kama ilivyo desturi yetu kabla sijapiga muhuri, nauliza: kuna mwenye neno?"

Aliuliza hivyo kila mwaka, na hakuna aliyewahi kujibu. Ilikuwa kama kupiga chafya: inatoka, watu wanaendelea. Mkono mwingine tayari ulikuwa umeshika muhuri. Shangazi alikuwa anamweleza mtu habari za kitambaa cha buluu ambacho hakikunjamani safarini.

Kifungo aliangalia meza. Karata zake zilikuwa bado pale, zimelazwa wazi. Migao ya leo, ile ya baada ya mapumziko, ilikuwa safi, hiyo aliijua. Lakini kufika kwenye meza hii je? Akazihesabu Jumamosi za msimu alizokuwa ameujibu mdomo. Alihesabu mara moja tu, hakurudia. Zilikuwa kumi na nne.

Zilizidi sita.

Kiti chake kikapiga kelele kwenye sakafu aliposimama. "Mimi," akasema. "Mimi nina neno."

"Kumbe anaongea!" Shemeji akasema.

Muhuri ukasimama hewani. Shangazi akageuka, ametabasamu bado, tabasamu likianza kujiuliza. Akamwangalia binti wa kaka yake kwa muda. Kisha ulimi ukachungulia, ukalamba mdomo wa chini mara moja, ukarudi ndani.

"Shangazi," Kifungo akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya nyuma ya pazia, "ukiwa na karata mbovu unalamba mdomo, kama hivyo ulivyofanya sasa. Msimu mzima sikuwa nakujibu wewe, nilikuwa naujibu mdomo wako. Leo ndiyo nimehesabu."